Risiti ya kahawa ipo, ya kaboni iko wapi?

Wiki hii naziweka kando simu mpya na lugha za programu. Nataka tuzungumze kuhusu miti. Lakini msikimbie, maana ukiichambua biashara ya kaboni ya misitu utakuta miti kidogo na hifadhidata nyingi.

Nyumbani kwetu ni Mweiga, kwenye barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu, Nyandarua upande huu na Mlima Kenya upande ule. Makao makuu ya Mbuga ya Aberdare yako hapo hapo. Habari ya kupanda miti hatukuletewa na wafanyabiashara wa kaboni. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri hii hii, na Green Belt Movement aliianzisha mwaka 1977. Jambo jipya ni kwamba siku hizi mti unaweza kukuletea hela ukiwa bado umesimama.

Unaletaje hela? Mti unavuta hewa ukaa na kuihifadhi kaboni kwenye shina, matawi na mizizi. Mpimaji anapima unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, anaingiza namba kwenye fomula, anapata uzito wa mti ukiwa mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Zidisha kaboni hiyo kwa 3.67 (yaani 44 gawanya kwa 12) upate hewa ukaa. Kwa hesabu hiyo, kilo 545 hivi za mti mkavu ni sawa na tani moja ya hewa ukaa. Tani ikishahakikiwa inapewa namba yake ya kipekee kwenye sajili ya kielektroniki, na kampuni ya Ulaya au Marekani inayotaka kufidia moshi wake inainunua. Magazeti yanaiita "mkopo wa kaboni", jina linalochanganya watu kwa sababu hakuna aliyekopa kitu. Mimi nitaiita hati.

Kwa hiyo kinachouzwa hapo ni rekodi. Mti wenyewe unabaki shambani, na mkulima anabaki nao.

Eneo letu liliingia katika biashara hii mapema. Itifaki ya Kyoto ilianza kufanya kazi Februari 2005. Mwaka 2006 Green Belt Movement ilitia sahihi mkataba na mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia, kupanda miti kwenye hekta zipatazo 2,000 za misitu iliyoharibika Aberdare na Mlima Kenya. Mpango wa TIST, uliozaliwa Tanzania mwaka 1999, ulifika Kenya mwaka 2004 na kuenea kwa wakulima wadogo wanaouzunguka mlima, Nyeri ikiwemo. Watu wa kompyuta mtaupenda huu: wapimaji waliingia mashambani na kompyuta ndogo za Palm na vifaa vya GPS, wakazunguka mipaka ya kila kishamba, wakahesabu miti, kisha data ikapandishwa kwenye tovuti. Wakati huo M-Pesa ilikuwa haijazaliwa. Ilikuja mwaka 2007. Asiniambie mtu, basi, kwamba teknolojia haikuwepo.

Shida ninayoiona ni kwamba data inapanda vizuri sana lakini haishuki.

Mlinganishe na mkulima wa kahawa wa Mathira au Othaya. Akifikisha kahawa kiwandani inapimwa mbele yake, anapewa risiti ya kilo. Mauzo yakishafanyika, kiwanda kinatangaza kila kilo imelipa shilingi ngapi, na kesho yake kijiji kizima kinajua kiwanda kipi kimelipa vizuri na kipi kimewaaibisha wanachama. Hata maziwa yana kadi yake. Sisemi kahawa haina wizi. Wizi upo, na kila mtu Nyeri ana hadithi yake. Lakini wizi huo unajulikana kwa sababu risiti zipo na viwango vinalinganishwa.

Sasa njoo kwenye kaboni. Jirani yetu mmoja alinionyesha mkataba wake na kampuni ambayo sitaitaja. Kiingereza kitupu, kurasa nyingi. Akaniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu niambie, hewa yangu iliuzwa pesa ngapi?" Nilisoma kurasa zote. Jibu halimo.

Si swali dogo hilo. Chukua mfano wa TIST, ambayo masharti yake yanajulikana: mkulima amekuwa akilipwa senti 2 za dola kwa kila mti ulio hai kwa mwaka, kama malipo ya awali, kisha asilimia 70 ya faida ya mauzo. Miti 1,000 inakupa dola 20 kwa mwaka kabla ya faida. Kumbe uzito wote uko kwenye ile asilimia 70. Na faida, kwa mradi wowote ule, ni mapato ukitoa gharama. Asiyeona mapato wala gharama hawezi kujua anapewa asilimia 70 ya nini.

Sheria imesaidia, lakini si kila mtu. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka miradi ya ardhi ya umma na ya jamii ifanye makubaliano rasmi na wenyeji, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Vizuri sana. Lakini mkulima wa Mweiga mwenye ekari mbili na hati yake ya kumiliki si ardhi ya jamii. Kinga yake kubwa ni karatasi anayotia sahihi, na ndiyo ile isiyo na jibu.

Ninachodai ni hiki: mradi wowote unaohesabu mti wa mkulima umpe risiti kwenye simu yake, hata kama ni mulika mwizi. Abonyeze namba fupi, kama anavyoangalia salio, aone mistari mitano:

1. Miti yako iliyohesabiwa, na tarehe ya kuhesabiwa.
2. Tani zilizoandikishwa kwa kikundi chako.
3. Tani zilizouzwa, na bei ya kila tani.
4. Gharama zilizokatwa.
5. Fungu lako, na siku ya kulipwa.

Hakuna kigumu hapo. Ni jedwali chache na menyu moja ya simu. Nchi inayotuma pesa hadi kijijini kwa sekunde chache haishindwi na mistari mitano.

Najua nitajibiwa nini. Kwanza, kwamba kaboni hupimwa kwa sampuli na kujumlishwa, kwa hiyo tani moja huwezi kuirudisha kwenye mti mmoja. Kweli, lakini kahawa nayo huchanganywa kiwandani, na bado kila mtu anapata kiwango chake kwa kilo. Pili, kwamba bei ni siri ya biashara. Siri dhidi ya nani? Bei za mnada wa kahawa wa Nairobi zinatangazwa, na wanunuzi bado wanakuja.

Tena wenye miradi ndio wanaohitaji risiti hii kuliko mtu yeyote. Januari 2023 gazeti la Guardian, pamoja na Die Zeit na SourceMaterial, walichapisha uchunguzi uliosema zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua walizochunguza, zilizoidhinishwa na Verra, huenda hazikupunguza hewa ukaa kweli. Verra ilipinga hesabu hiyo. Ugomvi ulikuwa juu ya namna ya kukisia msitu ungepotea kiasi gani kama mradi usingekuwepo. Kwetu sisi ni kama kupima kasi ya programu kwa kuilinganisha na toleo ambalo halikuandikwa kamwe. Imani ya wanunuzi iliyumba.

Mkulima hawezi kumaliza ugomvi huo. Lakini anaweza kumaliza mmoja: miti ipo au haipo? Mama anayeona kwenye simu kwamba ameandikiwa miti 400, huku 150 ilikauka kiangazi, ndiye mkaguzi wa bei nafuu kuliko wote. Yuko hapo kila siku. Hahitaji tikiti ya ndege wala hoteli.

Basi, ndugu msomaji, mzazi wako akiletewa mkataba wa kaboni, msomee ile mistari mitano hapo juu kabla hajashika kalamu. Mradi usioweza kuijibu leo hautaijibu baada ya miaka kumi. Na kama unaujua mradi unaotoa risiti ya namna hii, niandikie. Nitausifu kwa jina lake.