Chama Kikubwa Si Mwenye Nchi

Wengi wape, wasema wahenga. Lakini wengi ni nani? Katika siasa imekuwa desturi kwamba chama kilichopata viti vingi kuliko kila kimoja cha vyama vingine hujitangaza kuwa ndicho wengi, hata kama wananchi walio wengi walikinyima kura. Nao wanaoungana ili kukiweka kando huitwa wezi, wasaliti na watu wenye uchu wa vyeo. Twasema bila kuficha kwamba hoja hiyo haina msingi, wala katika hesabu wala katika haki. Na ili tusidhaniwe kuwa twampigia debe mtu yeyote wa hapa nyumbani, mfano wetu twauchukua mbali, katika nchi ndogo ya Luxembourg, iliyobanwa kati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, ambayo mwaka 2013 ilikuwa na watu zaidi kidogo ya nusu milioni.

Chama cha Kikristo cha Kijamii cha nchi hiyo, kijulikanacho kwa herufi CSV, kiliongoza serikali tangu kumalizika kwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, isipokuwa miaka mitano tu, kuanzia 1974 hadi 1979. Jean-Claude Juncker alikuwa Waziri Mkuu tangu Januari 1995. Hatusemi kwamba alikuwa mtawala wa kiimla. Alichaguliwa kwa kura halali mara baada ya mara, na sifa zake zilienea Ulaya nzima. Lakini chama kikikaa mno madarakani, hata kikiwa na watu wema, huacha kuchungulia vyumba ambavyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuvichungulia.

Chumba hicho huko kwao kilikuwa idara ya ujasusi. Mwishoni mwa 2012 ilifichuka kwamba mkuu wa idara hiyo alikuwa amemrekodi kwa siri Waziri Mkuu mwenyewe, kwa chombo kilichofichwa katika saa ya mkononi. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi, nayo ikakuta madai mazito ya kunasa mazungumzo ya watu kinyume cha sheria na ya matumizi mabaya ya madaraka. Kamati ikaamua kwamba Waziri Mkuu, ambaye kisheria ndiye aliyekuwa msimamizi wa makachero hao, alibeba dhamana ya kisiasa kwa kutowasimamia ipasavyo. Tarehe 10 Julai 2013 jambo hilo lilijadiliwa bungeni hadharani. Waliomwondolea imani hawakuwa wapinzani pekee. Chama cha Kisoshalisti, LSAP, kilichokuwa mshirika wake serikalini, kilikataa kuendelea kumbeba. Juncker akatangaza kwamba angejiuzulu, na wananchi wakaitwa kupiga kura mapema, tarehe 20 Oktoba 2013.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Katika nchi ya chama kimoja, waziri anayethubutu kuhoji mwenendo wa makachero huamkia nje ya wizara, akiwa na bahati. Katika serikali ya mseto, mshirika ana miguu yake mwenyewe ya kusimamia. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mseto, nayo haizungumzwi vya kutosha: ndani ya serikali yenyewe yupo mtu asiyekula kwa mkono wa mkubwa mmoja.

Bunge la Luxembourg lina viti 60, vinavyogawanywa kwa majimbo manne makubwa: Kusini viti 23, Kati 21, Kaskazini 9 na Mashariki 7. Mpiga kura ana kura nyingi kama viti vya jimbo lake. Aweza kuzitoa zote kwa orodha ya chama kimoja, au akazigawa kwa watu wa vyama mbalimbali. Viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, hivyo asilimia kumi ya wananchi haipotei kama maji mchangani. Kura zilipohesabiwa, CSV ilipata viti 23, ikiwa imeshuka kutoka 26 vya mwaka 2009. LSAP ilipata 13, Chama cha Kidemokrasia, DP, 13 na Chama cha Kijani 6. Viti vitano vilivyosalia vilikwenda kwa vyama viwili vidogo.

Juncker alidai kwamba chama chake, kwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote, kilikuwa na haki ya kuongoza serikali. Lakini 23 kati ya 60 si wengi. Waliochaguliwa kwa vyama vingine walikuwa 37. Mwenye 23 ni kaka mkubwa miongoni mwa ndugu, si baba wa nyumba. DP, LSAP na Kijani, kwa jumla ya viti 32, walikuwa na uwezo wa kupata imani ya Bunge, na katika utawala wa kibunge hicho ndicho kipimo. Serikali ni ya yule awezaye kusimama mbele ya wawakilishi wa umma asiangushwe.

Tena utaratibu uliofuatwa haukuwa wa vichochoroni. Henri, aliyekuwa Mtemi Mkuu wa nchi hiyo wakati huo, kwanza alimteua jaji, Georges Ravarani, Rais wa Mahakama ya Utawala, awasikilize viongozi wa vyama na kumweleza hali ilivyo. Baada ya siku chache alimpa Xavier Bettel wa DP kazi ya kuunda serikali. Wajumbe wa vyama vitatu wakaketi, wakabishana, wakaandika mpango wa serikali. Mpango huo ulipelekwa kwa mikutano ya vyama vyao ukaidhinishwa, ukachapishwa, na tarehe 4 Desemba 2013, siku 45 baada ya uchaguzi, serikali ikaapishwa. Katiba yao hairuhusu mtu kuwa waziri na mbunge kwa wakati mmoja. Mbunge anayechukua wizara huacha kiti, na mwingine wa orodha yake hukikalia. Hivyo mawaziri hawakai bungeni kuwapigia makofi mawaziri wenzao.

Wala jambo hilo halikuwa uzushi wa mwaka 2013. Mwaka 1974 CSV ilikuwa ya kwanza pia, kwa viti 18 kati ya 59, lakini DP na LSAP wakaungana chini ya Gaston Thorn. CSV ikakaa upande wa upinzani, ikajitengeneza, na mwaka 1979 ikarudi. Hakuna aliyekufa.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa urais wenye vyama vingi, mshindi alitangazwa kwa asilimia 36 hivi ya kura, huku wapinzani wake wakuu watatu wakigawana zaidi ya asilimia 60. Waliogawanyika walijipiga kwa mkono wao wenyewe, nasi hatuwatetei. Lakini tukumbuke pia kwamba Katiba ya wakati huo, kabla ya marekebisho ya 1997, ilimfunga Rais achague mawaziri katika chama chake peke yake. Mseto ulipigwa marufuku na sheria yenyewe! Walioiandika sheria hiyo walijua walichokiogopa. Tangu 2010 Katiba yetu inamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na utaratibu wetu si wa kibunge kama wa Luxembourg. Kwa hiyo hatusemi tuige herufi kwa herufi. Twasema tujifunze kanuni: anayetawala na awe na wengi wa kweli, na wengi hao wapatikane kwa makubaliano yanayoonekana.

Tutajibiwa kwa methali: fahali wawili hawakai zizi moja. Huko walikaa watatu. Mnamo 14 Oktoba 2018 walirudi kwa wananchi wakapata viti 31, DP 12, LSAP 10 na Kijani 9, wakaendelea kutawala. Fahali hupigana panapokuwa hapana mpaka wa malisho. Hao walikuwa na mpaka, nao uliandikwa karatasini.

Na hapo ndipo tunapowageukia wenzetu wa kambi ya mageuzi, kwa maana lawama haiwezi kuwaendea wapinzani wetu peke yao. Mwaka 2002 vyama vyetu viliungana, wananchi wakashangilia, na utawala wa karibu miaka 40 ukaondoka kwa kura. Lakini mkataba waliotiliana saini viongozi haukuwekwa mbele ya mpiga kura. Ulipoanza ugomvi juu ya nani aliahidiwa nini, mwananchi hakuwa na karatasi ya kumhukumu mtu yeyote. Kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 nyumba ilikuwa imepasuka. Mseto ni chakula cha wali na choroko, na kila anayekula anaona kilichomo sahanini. Mseto wa siasa unaopikwa chungu kikiwa kimefunikwa huwadhuru walaji, hata wapishi wakiwa rafiki zetu.

Twajua kwamba wasomaji wetu wengi ni watu wa Kanisa, na haitakuwa uaminifu kuwaficha upande wa pili. Serikali ya Bettel ilitenganisha Dola na dini. Mikataba mipya na jumuiya za kidini ilitiwa saini Januari 2015, na baadaye somo la dini katika shule za umma likaondolewa, likawekwa somo moja la maadili kwa watoto wote. Wengi wetu, tungalikuwa raia wa huko, tungalipiga kura kuyakataa hayo. Lakini hatuwezi kudai kwamba tulidanganywa. Nia hiyo ilikuwa imeandikwa katika mpango uliochapishwa, na kila muumini aliweza kuusoma, kuupinga hadharani na kungoja siku yake ya kura. Afadhali mpinzani anayetangaza mapema kwamba atakunyang'anya jambo fulani, kuliko rafiki anayeahidi kila kitu chumbani na kukana yote barabarani. Kanisa linalotetea ukweli lisiulinde ukweli ule tu unaolipendeza.

Tena umma ulikuwa na njia ya kuwakanya. Tarehe 7 Juni 2015 serikali hiyo ilipeleka maswali matatu kwa kura ya maoni: vijana wa miaka 16 wapige kura? Wageni waliokaa nchini miaka mingi wapige kura? Mawaziri wawekewe kikomo cha miaka kumi mfululizo? Wananchi wakajibu hapana mara tatu, swali la wageni kwa karibu asilimia 78, na hata lile la kikomo, ambalo sisi tungaliliunga mkono kwa mikono miwili, kwa karibu asilimia 70. Serikali ikakubali. Haikumwita mtu msaliti wa taifa, wala haikutafuta njia ya kupitisha bungeni kile umma ulichokataa.

Hatimaye, tarehe 8 Oktoba 2023, mizani iligeuka. Chama cha Kijani kilianguka kutoka viti 9 hadi 4, na vyama vitatu kwa jumla vikabaki na 29. Wengi wao walikuwa wamekwisha. CSV, yenye viti 21, ikapatana na DP yenye 14, na tarehe 17 Novemba Luc Frieden akawa Waziri Mkuu. Bettel, aliyekuwa ameongoza nchi kwa karibu miaka kumi, akawa naibu wake na waziri wa mambo ya nje. Alishuka ngazi moja, akaendelea na kazi. Chama kilicholalamika mwaka 2013 kwamba kimenyimwa haki yake kilirudi kwa njia ile ile, kwa kutafuta mshirika na kuhesabu viti.

Kwa hiyo, wapenda haki, kiongozi yeyote akija kwenu akisema ameunda muungano kwa ajili yenu, msianze kwa kushangilia. Mwulizeni mambo matatu. Mkataba uko wapi, tuusome sisi na majirani zetu kabla ya kura? Nani katika chama chenu aliuidhinisha, mkutano wa wanachama au watu watano hotelini? Na mshirika mmoja akiona uovu ndani ya serikali, je, ana uhuru wa kuondoka na kutuambia? Asiyeweza kuyajibu hayo hadharani, awe wa serikali au wa upinzani, asipewe kura. Naye atakayekuja kudai nchi kwa sababu tu chama chake ni kikubwa, mwambieni ahesabu upya, aanze na wale waliomkataa.