UCHAMBUZI: Ukubwa wa sampuli ulivyobeba uamuzi wa vyandarua Muleba

Kamachumu, Muleba – Kwa wakazi wa Kamachumu na kata nyingine za Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, chandarua ni kinga ya kila usiku. Mbu walipojenga usugu dhidi ya dawa za pairethroidi, ilibidi kubaini iwapo vyandarua vyenye kiambato cha PBO, kinachodhoofisha usugu huo, vinakinga kuliko vya kawaida. Jibu lilitegemea hesabu inayotangulia ugawaji: wapimwe watoto wangapi, kutoka maeneo mangapi.

Sampuli ikiwa ndogo mno, chandarua bora huweza kuonekana hakina tofauti, na wananchi wakakosa kinga. Ikizidi mahitaji, watoto hutobolewa vidole bila sababu. Uwezo wa utafiti kubaini tofauti iliyopo kweli huitwa nguvu ya kitakwimu, na kwa kawaida hulengwa asilimia 80 au 90. Tofauti inayotafutwa ikipungua kwa nusu, sampuli inayohitajika huongezeka takriban mara nne.

Malaria huongeza ugumu. Watoto wa kitongoji kimoja huumwa na mbu walewale, hivyo majibu ya vipimo vyao hufanana. Kwa mfano, kiwango cha kufanana kikiwa 0.1, watoto 76 wa eneo moja hutoa taarifa sawa na watoto 9 tu wasio na uhusiano. Ndiyo maana kuongeza maeneo huwa na tija kuliko kuongeza watoto katika eneo lilelile.

Jaribio lililoanza Muleba mwaka 2015 lilihusisha maeneo 48, yaliyogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne ya maeneo 12: vyandarua vya kawaida au vya PBO, pamoja na upuliziaji wa dawa ukoko au bila huo. Kwa mpangilio huo, maeneo yote 48 yalijibu maswali mawili kwa pamoja, 24 yakilinganishwa na 24.

Baada ya miezi tisa, maambukizi yalikuwa asilimia 29 kati ya watoto 1,852 wa maeneo ya PBO, na asilimia 42 kati ya 1,809 wa vyandarua vya kawaida. Baada ya miezi 21, yalikuwa asilimia 45 dhidi ya 62. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya PBO kwa maeneo yenye usugu wa aina hiyo, na matokeo ya Muleba yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018.

Hivyo, mwananchi anaposoma tangazo la matokeo ya utafiti, asitazame idadi ya waliopimwa pekee. Atazame pia idadi ya maeneo walikotoka.