"Tujaribu Dawa Hii": Nani Anayejaribiwa?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Lakini mgonjwa ataulizaje iwapo maneno anayoambiwa yanamficha jambo lenyewe analopaswa kuliuliza? Swali hili hunijia kila ninapotafakari kazi ya wanasayansi wanaosimamia majaribio ya awali ya dawa za saratani.

Wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa hupewa dawa mpya ili apone. Katika hatua ya kwanza ya majaribio, hilo silo swali kuu. Swali kuu ni hili: mwili wa binadamu unaweza kustahimili dawa hii kwa kiasi gani? Mara nyingi wagonjwa watatu huanzishiwa kiasi kidogo. Wasipopata madhara makubwa, watatu wengine hupewa kiasi kilichozidi hapo, na kadhalika, hadi madhara yadhihirishe kikomo. Kwa kuwa nyingi ya dawa hizi zina sumu, aghalabu hazijaribiwi kwa watu wenye afya, bali kwa wagonjwa ambao tiba zilizopo hazikuwafaa.

Sasa na tuitazame lugha yetu. Daktari akisema, "Tujaribu dawa hii", mgonjwa husikia: tufanye bidii upone. Mwanasayansi naye anakusudia: tuipime dawa yenyewe. Kitenzi ni kimoja, maana ni mbili, na baina yake pana uhai wa mtu. Neno "kipimo" nalo lina mtego wake. Mtafiti atajapo kipimo kifaacho, ana maana ya kiasi cha dawa; mgonjwa aliyezoea kutolewa damu hudhani ni uchunguzi wa maradhi yake. Heri tuseme "dozi", neno la kukopa lisilo na utata huo.

Wapo watakaodai kwamba kusema haya yote ni kumvunja mgonjwa moyo. Sikubaliani nao. Dawa ya imatinibu ilianza kujaribiwa nchini Marekani mwaka wa 1998 kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Miongoni mwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 hesabu ya damu yao ilirejea hali ya kawaida. Matumaini, basi, si haramu. Hata hivyo, mfano huo ni wa nadra, na nadra haigeuzwi ahadi. Azimio la Helsinki la mwaka wa 1964 lilisisitiza ridhaa ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Sahihi iliyotiwa chini ya maneno yasiyoeleweka ni wino mtupu.

Utafiti wa dawa za saratani si mgeni Afrika Mashariki. Kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago, Kampala, mwaka wa 1967 ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kilicho kigeni ni wanaisimu na wanasayansi kuketi meza moja.

Walimu wenzangu, tuanzie darasani. Mpe mwanafunzi wako insha: amweleze nyanya yake asiyejua Kiingereza maana ya jaribio la dozi. Kisha nyanya naye aeleze alivyosikia. Iwapo atatambua kwamba huenda asipone, na kwamba ana haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu mengine, hapo Kiswahili kitakuwa kimetimiza wajibu wake.