KUMFUNDISHA MHASIBU NI KAZI, SI HISANI

Kila mwaka, taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowasilishwa Bungeni, wananchi huuliza swali moja: nani kaiba? Swali hilo ni la haki, na mwizi wa mali ya umma hana mtetezi katika ukurasa huu. Lakini liko swali la pili ambalo huulizwa na wachache: nani alimfundisha kazi yule aliyeandika hesabu zile? Leo twaliuliza hilo, na twaliuliza kwa kuitazama Wilaya ya Mpwapwa.

Mpwapwa yaijua gharama ya hesabu mbovu. Kongwa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo, ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947. Husemwa kwamba mradi ule uliuawa na ukame na udongo mgumu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 1949 wakaguzi wa shirika lililouendesha walieleza kwamba vitabu vyake vya hesabu katika Afrika Mashariki havikutunzwa kama ilivyopasa. Mradi ukaachwa mwaka 1951, na hasara ikawa kiasi cha paundi milioni 36. Wazee wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuhitaji kulima karanga Kongwa ili walijue hilo.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wahasibu wengi nchini walikuwa wageni. Taifa halikukaa likilia. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, Chuo cha Elimu ya Biashara mwaka 1965, na sheria ya mwaka 1972 ikaunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Leo Mkoa wa Dodoma una tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Vijana wenye vyeti hawakosekani. Anayekosekana ni mkubwa wa kazi atakayemketisha kijana kando ya meza yake.

Maana chuoni mwanagenzi hufundishwa leja na urari, naye hufaulu. Lakini darasa haliwezi kumwonyesha la kufanya pale mkubwa anapoingia ofisini jioni, akitaka fedha itoke kwanza na hati ya malipo iandikwe kesho. Kukataa kwa adabu, na kueleza kwa nini, ni elimu ambayo kijana huipata kwa kumwona mhasibu mzee akikataa mbele yake. Akimwona akikubali, basi atajifunza hilo pia.

Haja hii sasa imefika vijijini. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za afya zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, na fedha za elimu bila ada huenda shuleni. Utaratibu huo ni mwema, kwani umeiweka fedha karibu na mwenye haja. Lakini pia umemfanya mganga wa zahanati na mwalimu mkuu kuwa watunza fedha. Mganga alisomea kutibu malaria, hakusomea kusuluhisha hesabu za benki. Stakabadhi ikipotea huko Rudi au Kibakwe, mkaguzi hawezi kujua kama fedha imeliwa au imenunua dawa. Ujinga wa mwaminifu na hila ya mwizi huandikwa kwa wino mmoja, na mwizi hupenda sana kujificha nyuma ya mjinga.

Twasikia wakubwa wa kazi wakisema hawana nafasi ya kufundisha. Tena wako wanaowanyima vijana kazi wakiogopa kunyang'anywa kiti, na mwanafunzi aliyekuja kujifunza kwa vitendo humaliza majuma yake akibeba majalada. Hao twawakumbusha kwamba mtumishi hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Kiti kitaondoka kwao wapende wasipende. La kuchagua ni kama ujuzi utabaki au utafuatana nao nyumbani.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kila mhasibu mwandamizi wa halmashauri apewe kwa maandishi wanagenzi wake, na ufundishaji huo upimwe kama sehemu ya kazi yake. Pili, kila robo mwaka mhasibu aende kuketi na mganga na mwalimu juu ya daftari zao. Aende kama mwalimu, kabla mkaguzi hajafika. Tatu, wahasibu wastaafu wenye sifa njema waalikwe kufundisha, nao walipwe, kwa maana ujuzi wao si wa kuombwa bure.

Vyama vya wafanyakazi navyo vidai muda wa kufundishana kazini kama vinavyodai mshahara. Na wanachama wenzetu wasidhani kwamba jambo hili ni la Serikali peke yake. Tawi letu lina mweka hazina, na chama cha ushirika cha jirani yetu kina karani. Mkutano wa kijiji unapoitishwa, tudai mapato na matumizi yasomwe. Na msomaji akibabaika, tusimzomee kabla ya kuuliza nani alipaswa kumfundisha.