UCHAMBUZI: Kufuta tarakilishi pekee hakumfungii mwizi mlango

TARAKILISHI ya nyumbani inapovamiwa na virusi, Wakenya wengi hujua tiba moja tu: kuibeba hadi kwa fundi, iwe ni katika vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi au duka la karibu mtaani, na kuambiwa warudi jioni. Jioni inapofika, mashine huwa nyepesi, matangazo yaliyokuwa yakichomoza ovyo yametoweka na mwenyewe hulipa akishukuru. Asichoelezwa ni kwamba aliyemvamia huenda angali ana funguo zake zote mkononi.

Fundi hastahili lawama kwa kufuta diski. Kuisafisha yote na kuweka upya mfumo endeshi ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuondoa programu hasidi, maadamu kuwinda faili moja baada ya nyingine aghalabu huacha mzizi ardhini. Kasoro iko kwingine: katika yale yanayopuuzwa kabla ya diski kufutwa, na katika kile kinachowekwa baadaye.

Mazoea haya yana chimbuko. Virusi vya zamani vilijitangaza. ILOVEYOU, vilivyozuka Ufilipino Mei 2000, viliharibu picha na kujituma kwa kila anwani iliyokuwa katika orodha ya barua pepe ya mwathiriwa. Conficker, vilivyogunduliwa Novemba 2008, vilihama kutoka mashine hadi mashine kupitia mtandao na vidude vya flashi. Waliokuwa wakichapisha barua za kuomba kazi katika mikahawa ya intaneti enzi hizo hawajasahau jinsi flashi moja ilivyoweza kurudi nyumbani na balaa. Wakati huo ugonjwa ulikaa ndani ya mashine. Ukiifuta, umepona.

Mwizi wa leo hakai. Mnamo Mei 2025, Microsoft ilisema ilikuwa imetambua zaidi ya tarakilishi 394,000 za Windows zilizoambukizwa programu iitwayo Lumma kote duniani, katika kipindi cha miezi miwili tu. Programu ya aina hiyo hainuii kuharibu chochote. Hukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti hutumia kumtambua mtu aliyekwisha kuingia, kisha ikavituma kwa bwana wake. Mwenye kidakuzi ambacho muda wake haujaisha anaweza kufungua akaunti bila kuulizwa nywila wala ile nambari ya siri inayotumwa kwa simu. Kufuta diski baada ya hapo ni kufagia nyumba ambayo mwizi alikwisha kuondoka na sanduku.

Wengi hujifariji kwamba pesa zao ziko katika M-Pesa, si katika tarakilishi. Faraja hiyo ni ya juujuu. Barua pepe ndiyo hutumiwa kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote, na katika familia nyingi ndiyo ghala la nakala za vitambulisho, vyeti vya KRA, hati za shamba zilizopigwa picha na barua za karo. Mhalifu aliye na hayo yote, pamoja na majina ya jamaa, hahitaji kujua PIN ya mtu. Anaandika tu kwa shangazi aliye Dallas au Doha kwamba mgonjwa amelazwa na pesa zinahitajika kabla ya jioni.

Kwa hivyo ukarabati huanza mbali na mashine iliyoambukizwa. Hii kwanza hutengwa na intaneti. Kisha mwenyewe huchukua simu au tarakilishi nyingine iliyo salama, akabadilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine yoyote, na kuiamuru akaunti iondoe vifaa vyote vilivyoingia awali. Agizo hilo ndilo huua vidakuzi vilivyoibwa. Ni vyema pia kukagua iwapo kuna amri iliyofichwa ya kupeleka nakala za barua kwa anwani ngeni. Benki, iTax, eCitizen na mitandao ya kijamii hufuata. Anayebadilisha nywila kwa kutumia mashine ile ile inayougua humkabidhi mwizi zile mpya pia.

Baada ya hapo ndipo diski hushughulikiwa. Picha na nyaraka hunakiliwa kwenye diski ya nje, programu zikaachwa, na nakala hizo hukaguliwa kabla ya kufunguliwa. Hapa ndipo haraka ya fundi huumiza zaidi, kwa kuwa picha za harusi au za mzazi aliyeaga dunia hazina duka la kuzinunua upya.

Hali huwa tofauti iwapo faili zimefungwa na mhalifu anayedai fidia, kama ilivyotokea Mei 2017 virusi vya WannaCry viliposambaa katika zaidi ya mataifa 150, vikavuruga hospitali nchini Uingereza na kudai dola 300 kwa kila mashine. (Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba ufa huo miezi miwili kabla.) Faili zilizofungwa hazifai kufutwa hata zinapoonekana hazina faida. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama, hutoa bila malipo funguo za kufungulia aina nyingi za virusi hivyo, na mara kwa mara ufunguo ambao haukuwapo hupatikana baadaye, wahalifu wanapokamatwa au mitambo yao kutwaliwa. Diski iliyowekwa kabatini inaweza kusubiri siku hiyo. Iliyofutwa haiwezi.

Hatua ya mwisho ndiyo hurudisha ugonjwa. Mafundi wengi huweka Windows isiyo na leseni, kisha wakaendesha kiprogramu cha kuidanganya kwamba imelipiwa. Vingi vya viprogramu hivyo humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi, na baadhi yavyo ndivyo virusi venyewe. Mteja hulipia tiba na maradhi mapya kwa risiti moja, akipewa risiti.

Linalosikitisha ni kwamba udanganyifu huo mara nyingi hauna haja. Tangu Windows 8 ilipozinduliwa mnamo 2012, watengenezaji wakubwa wamekuwa wakihifadhi ufunguo wa leseni ndani ya bodi kuu ya mashine. Vipakatalishi vingi vilivyotumika ng'ambo, ambavyo wafanyabiashara wa humu nchini huviita ex-UK, vina ufunguo huo. Mfumo halali hupakuliwa bure kutoka tovuti ya Microsoft, na toleo likiwa lile lile, leseni hujithibitisha yenyewe mashine inapounganishwa na intaneti. Kinga ya virusi ya Microsoft Defender huja nayo bila malipo.

Kikwazo ni umri wa mashine. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na tarakilishi nyingi zilizoundwa kabla ya 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kwa wenye hizo, mfumo huria kama vile Ubuntu hugharimu bando la kuupakua na siku chache za kuuzoea, na huendelea kupata marekebisho ya usalama kwa miaka kadhaa. Mafundi wanaoweza kuuweka wapo, lakini ni nadra kwao kuutaja mteja asipouliza.