Ukubwa wa Anga Usitutie Hofu

Wapo Wakristo wengi siku hizi, hasa vijana waliosoma, ambao imani yao haikutikiswa na mateso wala na dhambi bali na hesabu. Wamefundishwa kwamba mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kwamba hata kwa mbio hizo hutumia zaidi ya miaka minne kutufikia kutoka nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua. Wameambiwa kwamba kundi letu la nyota, Njia Nyeupe, lina upana wa miaka ya nuru ipatayo 100,000 na nyota zisizopungua bilioni 100, na kwamba makundi ya namna hiyo hayana idadi. Kisha wanafiwa, na wakirudi kutoka makaburini wanajiuliza: aliyeumba yote hayo ana habari gani na msiba wetu? Swali hilo ni la haki, na si vema kumkemea anayeliuliza. Lakini jibu lake lipo, nami nashikilia kwamba ukubwa huo wa anga, ukifikiriwa hadi mwisho, humfariji aliyeumia.

Kwanza tujue kwamba hofu hii si ngeni. Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1662, aliandika juu ya hofu inayoletwa na ukimya wa anga zisizo na mwisho, naye alikuwa Mkristo wa dhati. Karne kumi na tano kabla yake, Ptolemaio wa Aleksandria alikwisha kuandika katika kitabu chake kiitwacho Almagesti kwamba dunia ikilinganishwa na mbingu ni kama nukta tu. Wasomi wa Kikristo wa zama za kati walikisoma kitabu hicho, wakajua kwamba wanaishi juu ya nukta, na bado walisali. Anayedai kwamba darubini ndiyo iliyotufunulia udogo wetu na kuizika imani ameisahau historia. Kilichoongezeka ni tarakimu.

Hata hivyo tumsikilize mpinzani aliye bora. Tarehe 14 Februari 1990 chombo cha Voyager 1, kikiwa umbali wa kilomita bilioni 6 hivi, kiliipiga picha dunia yetu, ikaonekana kama chembe ya mwanga. Carl Sagan, mwanaastronomia wa Marekani aliyeomba picha hiyo ipigwe, alitafakari juu yake katika kitabu cha mwaka 1994, akaona kwamba hakuna dalili ya msaada utakaotoka kwingine kuja kutuokoa. Alitaka tupendane na tuitunze dunia, na kwa hilo anastahili shukrani. Lakini kutoka kusema kwamba sisi ni wadogo hadi kusema kwamba hatuna anayetujali kuna pengo, na picha ile hailizibi. Mwezi ni mkubwa mno kuliko hospitali zetu zote zikiwekwa pamoja, wala hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba una thamani kuliko mtoto mmoja aliyelazwa humo.

Kosa lenyewe liko ndani zaidi. Tunamwazia Mungu kama mkuu wa wilaya: eneo lake likipanuka, mafaili hurundikana mezani, na mjane aliyekuja na shida huambiwa arudi wiki ijayo. Kwa binadamu ndivyo ilivyo, maana uangalifu wetu una kikomo na hatuna budi kuugawa. Lakini Kanisa halikufundisha kamwe kwamba uangalifu wa Mungu hugawanywa mafungu. Asiye na kikomo humpa kila mmoja nafsi yake yote. Kama Mungu angetuzidi mara elfu tu, hapo wingi wa nyota ungekuwa habari mbaya kwetu.

Maandiko yenyewe yaliliona jambo hili mapema. Katika Zaburi ya 147 mstari mmoja unamtaja Mungu akiwaganga waliovunjika moyo, na mstari unaofuata unamtaja akihesabu nyota na kuziita zote kwa majina. Isaya 40 inawaambia watu walioumizwa na uhamisho wa Babeli, waliodhani kwamba Mungu amewasahau, wainue macho watazame juu. Naye Ayubu, aliyezika watoto wake wote, hakupewa maelezo. Aliulizwa kuhusu Kilimia. Nyota hizo wakulima wetu walizitazama wapate kujua msimu. Mwenye macho mazuri huona sita au saba, lakini kundi zima lina nyota zaidi ya 1,000, na liko mbali kwa miaka ya nuru ipatayo 440. Mwanga wake tunaouona leo uliondoka huko karibu na wakati Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Vipimo vyetu vipya havikulifuta swali aliloulizwa Ayubu. Vimelifanya zito zaidi.

Wengine watasema: basi huo ni ubadhirifu, nafasi yote hiyo ya nini, kwa ajili ya sayari moja? Hapa sayansi yenyewe inatusaidia. Mwaka 1957 Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walieleza jinsi kaboni, oksijeni na chuma zinavyopikwa ndani ya nyota, kisha nyota hizo zikifa zikatawanya mazao yao angani. Kazi hiyo huchukua mabilioni ya miaka, na muda wote huo ulimwengu unazidi kutanuka. Ulimwengu mdogo ungekuwa ulimwengu mchanga, usio na chuma cha kutia damu yetu wekundu. Sisemi kwamba nyota zote ziliumbwa kwa ajili yetu. Mungu aweza kuzifurahia kwa sababu ambazo hazituhusu. Nasema tu kwamba ukubwa huo si hasara kwetu, kwani bila huo tusingekuwapo.

Wala sidai kwamba nyota zinathibitisha kuwapo kwa Mungu. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeeleza kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, hakupenda nadharia yake igeuzwe kuwa hoja ya dini, na tufuate busara yake. Mkristo hamjui Mungu kwa darubini. Anamjua kwa Yesu, aliyelia kaburini pa Lazaro huko Bethania, ambaye Injili ya Yohana inasema vitu vyote vilifanyika kwa yeye. Aliyelia pale ndiye mwenye Kilimia, na mtu akikubali hilo, kila tarakimu mpya ya wanaastronomia itamwonyesha ni nani aliyesimama kaburini siku ile.

Kwa hiyo wachungaji na walimu wa Shule ya Jumapili wasiwafiche vijana hesabu hizi, bali wawasomee Zaburi ya 147 mistari yote miwili pamoja. Ila wasiende nazo matangani siku ya kwanza. Siku hiyo mfiwa apelekewe uji na mtu wa kukaa naye; maneno ya nyota yatafuata akianza kuuliza mwenyewe.