Mswada wa Fedha tuliusoma, mpango wa kaunti je?

Makomredi, Juni 2024 vijana wa nchi hii walifanya jambo ambalo wazee wa siasa hawakulitarajia. Walisoma. Mswada wa Fedha ulichambuliwa kifungu kwa kifungu, ukatafsiriwa kwa lugha za nyumbani, ukageuzwa video za dakika moja, na mtu wa boda akajua mkate unataka kutozwa ushuru gani kabla hata mbunge wake hajajua. Tarehe 25 tukajaa barabarani. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wenzetu waliouawa siku zile hatujawasahau.

Sasa wacha niulize swali ambalo litawakera wengine. Ni nani kati yetu amesoma mpango wa maendeleo wa kaunti yake?

Najua jibu. Kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp tunachambua kila kinachotoka Ikulu na Hazina ya Taifa, lakini makao makuu ya kaunti, kwa wengi wetu umbali wa matatu moja tu, yanapanga maisha ya mdogo wako bila hata mtu kukohoa. Na si mambo madogo. Fungua Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya kazi za kaunti. Utapata zahanati na vituo vya afya. Utapata elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Yaani tangu mtoto anapopimwa uzani kliniki mpaka amalize PP2, serikali yake ya kwanza ni kaunti. Halafu yule kijana aliyemaliza shule na anataka kusomea ufundi wa mabomba, kushona au umeme, huyo pia anarudi mikononi mwa kaunti. Shule ya msingi, sekondari na vyuo vikuu, hiyo ni kazi ya Nairobi.

Ajabu ni kwamba siasa yote ya kaunti kuhusu watoto na vijana imehamia hapo hapo ambapo si kazi yake. Inaitwa basari.

Mnaijua hiyo sherehe. Hema, viti vya plastiki, hundi kubwa ya kadibodi yenye sura ya gavana, MCA anashika upande mmoja na mwalimu mkuu mwingine, kamera zinapiga. Mzazi amepanga foleni tangu alfajiri ili apate pesa ambazo hazilipi hata nusu ya karo ya muhula, na anaambiwa ashukuru. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alipowaandikia viongozi wa kaunti kwamba basari hizo haziwezi kuendelea bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kelele zilipigwa kila upande, hata kwetu. Sisemi mtoto wa maskini anyimwe karo, maana najua kuna waliobaki darasani kwa sababu ya pesa hiyo. Ninachosema ni kwamba basari inapendwa kwa sababu ina sura ya mtu. Mwalimu wa chekechea aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu hana hundi ya kadibodi. Kituo cha kulelea watoto hakikufanyi upigiwe makofi mazishini.

Wacha nikae kidogo kwa hii ya vituo vya kulelea watoto, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu wetu na ndiyo isiyozungumzwa.

Mama kijana anayeuza Gikomba, Kongowea au Kibuye, anayefanya kazi EPZ kule Athi River au kukata maua Naivasha, mtoto wake wa mwaka mmoja anamwacha na nani? Chekechea haimchukui, bado mdogo. Nyanya yuko mashambani. Basi anampeleka kwa jirani mwenye chumba kimoja cha mabati, pamoja na watoto wengine kumi na zaidi, analipa kila siku kutoka kwa kile kidogo anachopata. Yule jirani naye si mtu mbaya. Anajaribu, hana choo cha maana, hana mafunzo, hakuna mtu wa afya ya umma aliyewahi kubisha mlango wake. Asipoweza kulipa, dada mkubwa wa darasa la tano anabaki nyumbani kulea. Ama mama mwenyewe anaacha kazi. Huyo mama ana miaka 22. Tukisema ukosefu wa ajira kwa vijana, yeye pia ni kijana, na ajira alikuwa nayo.

Katiba haikumsahau. Imeitaja kazi hiyo waziwazi na kuipa kaunti. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaongeza uzito, ikazipa kaunti majukumu kuhusu watoto na kuweka kamati za ushauri za watoto za kaunti. Ukitaka kujua kama kaunti yako inachukulia jambo hili kwa uzito, usisikilize hotuba. Fungua mpango, tafuta mstari wenye maneno hayo, kisha angalia pesa zilizo mbele yake. Ukikuta mstari hakuna, umeshapata jibu.

Kuna sababu nasisitiza mpango na si bajeti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema pesa za umma hazitengwi nje ya mpango ulioidhinishwa na bunge la kaunti. Kwa hivyo kitu ambacho hakiko kwenye mpango, ukikililia wakati wa bajeti, wanakujibu kwa upole kabisa kwamba hakimo. Na wako sawa. Mkubwa wao wote ni ule wa miaka mitano, CIDP. Ulio sasa ni wa 2023 hadi 2027. Chini yake kuna mpango wa kila mwaka ambao lazima ufike bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Kufikia 28 Februari inakuja karatasi ya mwelekeo wa matumizi, ile inayoweka kiwango cha kila idara. Makadirio ya bajeti yanafika 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai.

Sisi huwa tunaamka lini? Mei au Juni. Tunaamka na hashtegi wakati sahani zinaoshwa.

Nimehudhuria kikao kimoja cha ushirikishaji wa umma, sitataja wadi. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi siku chache kabla. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu, kinene, kwa Kiingereza, mbele ya msimamizi wa kikao. Watu kama sitini, wengi wazee, na vijana wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wawili kati yao wakiwa wamekuja kubeba viti. Mama mmoja aliuliza kuhusu maji katika chekechea ya kijiji chake. Akaambiwa limeandikwa. Aliyemjibu hakuwa ameshika kalamu. Baadaye soda na mkate, sahihi kwenye karatasi, nyumbani. Karatasi ile ya sahihi ndiyo ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Sheria ina pahali pengine pa kuingilia, na hapa vijana tumechezewa. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Mwenyekiti ni gavana, wamo mawaziri wake, na wamo watu wa nje idadi sawa na hao mawaziri. Hao wa nje wanapendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Isome tena hiyo orodha. Wazee wamo. Vijana hawamo! Katika nchi ambayo wengi wetu ni chini ya miaka 35. Wabunge wetu wanaweza kuleta marekebisho ya neno moja tu hapo, na sijui wanangoja nini. Lakini hata kabla ya hilo, hakuna anayezuia chama cha wafanyakazi, kikundi cha wafanyabiashara wadogo au shirika la wanawake kumpendekeza mtu wa miaka 26. Ni kujiunga na kusukuma.

Na inawezekana, si ndoto. Makueni, enzi za Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, mikutano ya mipango ilikuwa inaanzia kijijini kabisa, inapanda ngazi kwa ngazi hadi kaunti, na mradi ukianza kuna kamati ya wakazi inayoufuatilia. Hospitali ya mama na mtoto pale Wote ni ya kipindi hicho. Nairobi nayo, Dishi na County ya mwaka 2023 inamlisha mtoto wa shule ya umma chakula cha mchana kwa mchango wa shilingi 5 kutoka kwa mzazi. Gavana Sakaja aliingia kwa tiketi ya wale tunaowapinga, na bado nasema hilo ni jambo jema. Upinzani unaoogopa kusifu sahani ya ndengu na wali utakosa wa kumwamini siku ukisema kuna wizi. Lakini mtoto wa miaka miwili aliye kwenye kile chumba cha mabati, sahani hiyo haimfikii. Hapo ndipo pa kubana.

Sasa jambo gumu. Kaunti si zote ziko mikononi mwa serikali. Zipo zinazoongozwa na magavana waliopata kura kwa jina la chama chetu, na mabunge ambako madiwani wetu ndio wengi. Huko hatuwezi kulaumu Ikulu kwa kila kitu. Ndiyo, pesa za mgao huchelewa, kila gavana analia hivyo na wana haki ya kulia. Lakini kuchelewa kwa mgao hakuelezi kwa nini walimu wa chekechea wako kwenye kandarasi mwaka baada ya mwaka wakati ofisi ya gavana ina washauri tusiowahesabu. Hakuelezi jengo la chuo cha ufundi lenye kibao kizuri na karakana bila mashine. Mtu akiuliza hayo kwenye kikundi chetu, anaitwa fuko. Nimeona vijana wazuri wakitolewa kwa kuuliza. Hao ndio tunaowahitaji kwenye kamati ya sera.

CIDP inayofuata itaandikwa punde baada ya uchaguzi wa Agosti 2027. Wagombea wetu wa ugavana na wa udiwani wameanza kutembea, wanatuomba tuwabebe. Kabla ya kumbeba mtu, mwulize mambo mawili: vituo vya kulelea watoto vingapi, katika wadi zipi, na walimu wa chekechea ataajiri kwa masharti gani. Ajibu kwa maandishi na jina lake chini. Akicheka, mkumbuke kwenye mchujo.

Kwa sasa, kila tawi la wadi lichague watu wawili wa kusoma mpango wa mwaka huu, kurasa za afya, elimu na vijana tu, wala si kitabu kizima. Watuletee kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Ofisi ya kaunti ikikataa kutoa nakala, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Msihitaji wakili. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri mpige picha mtutumie.